Jenerali aliyejifunzia kazi Kiambu

Binamu yangu Wekesa alinipigia juzi saa nne usiku, wakati nilikuwa nimeishiwa na bando na nilikuwa nataka kulala. "Buda, nifanyie vidio moja. Makomando kumi wakali zaidi duniani. Na usiweke wazungu pekee yao, weka Mwafrika namba moja."

Wekesa ana miaka 19, anakaa Kimilili, na anangoja jeshi litangaze usajili. Kila asubuhi saa kumi na moja anakimbia mpaka Kamukuywa na kurudi. Ameacha soda. Meno anayapiga mswaki mara tatu kwa siku kwa sababu amesikia wanaangalia meno. Ukuta wa chumba chake una picha za makomando waliojipaka matope usoni, na simu yake imejaa zile vidio za muziki mzito ambapo jamaa anashuka na kamba kutoka kwa helikopta. Anaota 20 Para, ama 30 Special Forces, ama 40 Ranger Strike Force. Anaziita kwa majina yote matatu vile wewe unaita timu za mpira.

Sasa mimi, wale mnanijua mnajua, niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa na mimi pia nikakataa. Nakaa Kitale, chumba kimoja, natengeneza vidio na kuandika hizi posti za historia ambazo watu huniambia ni ndefu sana halafu wanazisoma mpaka mwisho. Nikamwambia Wekesa sawa, nitaangalia. Nikaanza kutafuta majenerali wa vikosi maalumu. Na nikiwa kwa hiyo shughuli nikakutana na mzee mmoja Mwingereza aliyekufa tarehe 2 Januari 2024, akiwa na miaka 97. Sir Frank Kitson. Jenerali kamili, mwenye nyota zote. Na kazi yake hiyo hakujifunzia Uingereza. Alijifunzia Kiambu na Thika.

Nikasahau ile vidio.

Wacha niwape hii stori vile nimeielewa, kwa sababu shuleni Mau Mau tulifunzwa kwa kurasa mbili. Kimathi, msitu, kiapo, uhuru. Mtihani ukaisha.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Gavana alikuwa Evelyn Baring. Serikali ilikuwa na bunduki, ndege za kulipua msitu, kila kitu. Kile haikuwa nacho ni habari. Askari wanaingia Aberdare wanatembea wiki nzima wanakutana na nyani. Mtu anayetafutwa amepita hapo jana usiku, amekula kwa mama fulani, na huyo mama hatasema. Kwa upande mwingine Mau Mau walijua askari wanatoka kambini saa ngapi kwa sababu mpishi wa kambi ni shangazi ya mtu.

Kitson alikuja mwaka 1953. Kapteni, miaka 26, mtoto wa admirali wa jeshi la majini, amekaa Ujerumani miaka yote hiyo na hajawahi kupigana vita yoyote. Akapewa kazi ya ujasusi Kiambu, baadaye na Thika, afanye kazi bega kwa bega na Special Branch ya polisi. Hiyo ndiyo iliitwa kazi ya mapambano, lakini kwa kweli ilikuwa kazi ya ofisi: faili, ramani, majina.

Na hapa ndipo nilianza kumheshimu, niseme ukweli. Jamaa alitambua kitu ambacho majenerali wakubwa kumzidi hawakuwa wametambua. Aliona kuna habari za aina mbili. Kuna habari za jumla: genge fulani lina watu kadhaa, kiongozi ni fulani, hupita upande huu. Faili zimejaa hizo. Halafu kuna habari ya kukufikisha: leo usiku, saa mbili, nyumba ile yenye mti wa mwembe. Ya kwanza unaweza kuinunua. Ya pili hauwezi kuipata ukiwa nje. Lazima uwe ndani.

Ndani unaingia aje ukiwa mzungu? Jibu ni kwamba hauingii. Unamtuma mtu wao.

Magenge bandia. Hakuwa peke yake kuyabuni, kuna polisi na vijana wa Kenya Regiment waliokuwa wanajaribu mambo kama hayo sehemu nyingine, lakini yeye ndiye aliyeyapanga yakawa mfumo, na baadaye akaandika kitabu. Wanamshika mpiganaji wa Mau Mau. Badala ya kumpeleka mahakamani moja kwa moja, wanakaa naye. Wanamlisha. Wanaongea naye. Halafu siku chache baadaye huyo mtu yuko na nguo zilezile zake za msituni, nywele zilezile, harufu ileile, anatembea usiku na wenzake wengine waliogeuzwa, na wazungu wawili watatu nyuma waliojipaka rangi nyeusi usoni wakivaa makoti mabovu. Wanabisha kwa nyumba. Wanasalimia kwa maneno ya siri. Wanauliza, "wenzetu wamepita?" Na mama anawaambia, kwa sababu anaona ni watoto wake.

Hebu simama hapo kidogo. Huyo mama.

Wengi wakisikia hii stori wanauliza mtu anageuzwaje kwa siku chache. Mateso? Kenya ya wakati huo mateso yalikuwa mengi, hakuna haja ya kubishana, serikali ya Uingereza yenyewe ilikubali mwaka 2013. Lakini Kitson alieleza njia yake tofauti, na nadhani ndiyo maana ilifanya kazi. Upande mmoja kuna kamba. Wakati huo kupatikana na risasi moja tu mfukoni kulitosha kukunyonga, na Waafrika 1,090 walinyongwa katika miaka ya hali ya hatari. Upande mwingine kuna uhai, chakula, pesa kidogo, na kazi. Halafu kitu cha tatu, na hiki ndicho kilinikalia: mtu apewe sababu ya kujiona bado ni mtu mzuri. Umwambie anasaidia vita kuisha haraka. Bila hiyo sababu ya tatu, alivyoona yeye, mtu hatakaa upande wako akiwa na bunduki usiku msituni.

Nimekaa na hiyo kitu wiki nzima. Kijana wa miaka 20, mbele kuna kamba, na mzungu wa miaka 26 anamwambia kwa upole kwamba kumsaliti ndugu yake ni kumwokoa.

Kitson alipewa nishani ya Military Cross mwaka 1955. Wale waliogeuzwa walipewa uhai wao.

Mwaka 1954 ndio ule wa Operesheni Anvil Nairobi, tarehe 24 Aprili. Mji wote ulifungwa, mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa nje. Hii haikuwa ya Kitson, ilikuwa ya Jenerali Erskine, lakini inafaa muijue kwa sababu ya kitu kimoja. Watu walipangwa kwa laini wakapitishwa mbele ya mtu aliyevaa gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Gakunia, ndivyo aliitwa kwa Kikuyu, kagunia kadogo. Kagunia kakitikisa kichwa, umeenda Manyani ama Mackinnon Road. Kakinyamaza, umerudi nyumbani. Zaidi ya watu 20,000 walienda vizuizini kwa operesheni hiyo. Hakukuwa na ushahidi wowote mwingine. Kichwa tu.

Huku kwetu hali ya hatari haikupiga kama Kati, lakini msidhani tuliiona kwa magazeti tu. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, na wafanyakazi Wakikuyu walifukuzwa kwa mashamba ya Bonde la Ufa kwa maelfu, warudishwe Kati ambako wengi hawakuwa na hata pahali pa kulala. Na Bungoma tayari ilikuwa imeonja yake kabla. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, jamaa aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya Kenya mpira, alishikwa 1948 akafungiwa mbali na kwao zaidi ya miaka kumi. Mwaka huohuo 1948 polisi walipiga risasi umati Malakisi. Kwa hivyo Kukhu akiniambia serikali ni kitu cha kuangalia kutoka mbali, hajatoa hiyo hewani.

Turudi kwa jenerali wetu, kwa sababu baada ya Kenya maisha yake yanakuwa kama ramani ya Uingereza ikipoteza dunia.

1957 Malaya, vita ya msituni dhidi ya wakomunisti. Akaongezewa nishani ileile mara ya pili. 1958 yuko London ofisini, na Oman kuna shida: Imamu Ghalib na ndugu yake Talib wako juu ya Jebel Akhdar na Sultani Said bin Taimur hawezi kuwatoa. Kitson akaleta wazo lake la Kenya: timu ndogo, habari kwanza, tumieni watu walioshikwa. Mwishowe kazi ilipewa SAS, na Januari 1959 wakapanda ule mlima usiku wakauchukua. Ndiyo maana watu wa vikosi maalumu humtaja kama mmoja wao ingawa yeye mwenyewe alikuwa wa Rifle Brigade. Na Oman si mbali vile unafikiria, waulize watu wa Mombasa na Unguja wana mashangazi wangapi Muscat.

1960 akatoa kitabu cha Kenya, Gangs and Counter-gangs. Cyprus baadaye. Halafu mwaka 1969 jeshi likampeleka Oxford mwaka mzima aandike. Kitabu kikatoka 1971, Low Intensity Operations, na kikasomwa na majeshi dunia nzima. Mimi nilitolewa chuo kwa karo, yeye alilipwa aende chuo aandike vile alitunyoosha. Sina uchungu. Nasema tu.

Kuna kitu kuhusu hicho kitabu wacha niwe mwaminifu, kwa sababu nimeona watu mtandaoni wakikitumia vibaya. Kuna mahali anaongea juu ya sheria, anasema serikali inaweza kuitumia sheria kama silaha nyingine tu ya kuondoa watu isiowataka. Hiyo ndiyo kila mtu hunukuu. Hawaendelei kusoma. Mbele kidogo anasema kuna njia ya pili, sheria isiyopendelea mtu, na anasema hiyo ndiyo njia sahihi na ndiyo yenye faida. Kwa hivyo si shetani wa sinema. Ni mbaya zaidi, kwa maoni yangu. Ni mtu mwerevu, mtaratibu, aliyejua njia nzuri iko wapi na akaiandika.

Septemba 1970 akapewa brigedi ya 39, Belfast. Sasa hii si koloni ya Waafrika. Hawa ni wazungu wa Ireland, Wakatoliki, wanaongea Kiingereza. Na mambo yakaenda vilevile. Agosti 1971 mtaa wa Ballymurphy wanajeshi wa parachuti waliokuwa chini ya brigedi yake walikuwa mtaani siku tatu, na watu 10 wakauawa, mmoja kasisi, mmoja mama wa watoto wanane. Jaji alikuja kusema hao 10 hawakuwa na hatia yoyote. Unajua alisema lini? Mei 2021. Miaka 50. Januari 1972 wanajeshi hao hao wa parachuti wakatumwa mji wa Derry, wakaua waandamanaji 13 siku moja na wa 14 akafa baadaye. Operesheni ya Derry haikuwa ya Kitson, hilo tuliweke wazi. Lakini waliotumwa ni wake.

Na Belfast pia kulikuwa na kikosi cha siri, MRF, wanajeshi wasiovaa sare, wakizunguka na magari ya kiraia. Na walikuwa na wapiganaji wa IRA waliogeuzwa. Waliwaita Freds. Kiambu imehamia Ulaya.

Aprili 1972 akaondoka Belfast, akapanda ngazi: divisheni ya vifaru, mkuu wa chuo cha maafisa cha Camberley, na mwisho mkuu wa majeshi yote ya nchi kavu ndani ya Uingereza kuanzia 1982 mpaka alipostaafu 1985. Sir. Pensheni. Farasi. Mwaka 2002 aliitwa kutoa ushahidi kwa tume ya mauaji ya Derry. Mwaka 2015 mjane mmoja wa Belfast alimshtaki yeye binafsi pamoja na wizara ya ulinzi. Alikufa bila mahakama yoyote kumtia hatiani.

Hapo ndipo posti yangu ingeisha. Nilikuwa nimeshaandika na nilikuwa natafuta picha. Lakini Jumamosi nilienda Kimilili kumtembelea Kukhu, na matatu ya kutoka Kitale ukikaa dirisha la kulia unauona mlima Elgon njia yote ukipita Kiminini. Ulikuwa wazi siku hiyo, hata ile sehemu ya juu yenye miamba. Na nikakumbuka kitu.

Nilikuwa na miaka mitano mwaka 2008. Kumbukumbu niliyo nayo ni helikopta. Tulikuwa tunakimbia shambani tunazipungia mkono, na Kukhu anatuita ndani kwa sauti ambayo hakuwa anatumia siku zingine. Na nakumbuka kulikuwa na watoto wageni kwa boma letu, watoto kutoka juu, waliokuwa wanalala na sisi kwa sakafu. Hakuna mtu alituambia walikuja kwa nini.

Kwa wasiojua. Chebyuk ni skimu ya makazi huko Mlima Elgon, ardhi iliyogawanywa na kufutwa na kugawanywa tena tangu miaka ya sabini. Awamu ya tatu ilipokuja, watu waliona wanaachwa nje, na karibu 2005 na 2006 kikaundwa kikundi cha SLDF, kiongozi wake Wycliffe Matakwei Komon. Walisema wanatetea ardhi. Wakaishia kuua, kutoza watu kodi, kukata watu masikio. Human Rights Watch walisema watu zaidi ya 600 waliuawa na makumi ya maelfu wakahama. Polisi walishindwa. Tarehe 9 na 10 Machi 2008, siku chache tu baada ya Kibaki na Raila kupeana mkono, jeshi likapanda mlima. Operesheni Okoa Maisha. Makomando wa 20 Para walikuwa miongoni mwao, haohao Wekesa amebandika ukutani.

Na watu walifurahi. Hii sehemu huachwa nje na wale wanaoandika kutoka Nairobi. Kukhu aliniambia watu walitoka barabarani kuwashangilia wanajeshi.

Halafu wanaume wakaanza kukusanywa. Kijiji kizima, kuanzia wavulana wa shule mpaka wazee, wanapelekwa kambi ya Kapkota. Ripoti za Human Rights Watch na za mashirika ya Kenya zinaeleza vile walichujwa: wanapitishwa mbele ya watoa habari, na mtoa habari akionyesha kidole, wewe unaenda upande ule. Maelfu walipita hapo. Mateso yaliandikwa na madaktari. Jeshi lilikanusha. Matakwei aliuawa mwezi Mei na SLDF ikavunjika, hilo lilifanikiwa, siwezi kulikataa. Lakini ukihesabu waliotoweka mikononi mwa pande zote mbili, SLDF na wanausalama, ni kama watu 300.

Nilimuuliza Kukhu huyo wa kuonyesha kidole alikuwa nani. Alikuwa anachambua mboga za saga, hakuinua kichwa. "Alikuwa mtu wa huko tu, mjukuu wangu. Mtu wa huko juu. Si ndiyo maana alijua."

Sisemi kuna afisa alisoma kitabu cha Kitson hapo Kapkota. Sina ushahidi wa hivyo na sitaki mtu aje kwa komenti aniambie nimesema. Ninachosema ni kwamba Gakunia wa 1954 na mtoa habari wa 2008 wanafanya kazi ileile, na jeshi letu lilizaliwa kutoka lile la King's African Rifles lililokuwa Kati wakati huo likiwinda Mau Mau. Hizi vitu hazihitaji kusomwa. Zinarithiwa kama vile unarithi namna ya kushika jembe.

Tofauti moja iko. Mau Mau walienda mahakamani London, faili zilizokuwa zimefichwa na Waingereza zikatolewa 2011, na tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague akasimama bungeni akasema wanasikitika, wakalipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Familia za Mlima Elgon pia zilipata shirika la kuwapeleka mahakamani, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha. Kesi ikakubaliwa 2011. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikasema imechelewa. Muda wa kufungua kesi ni miezi miwili. Wazungu walingojewa miaka 50, sisi tumepewa siku 60. Mwaka 2015 Rais Uhuru aliomba msamaha kwa jumla, kwa makosa yote ya serikali zote tangu uhuru, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Kuna wamama huko Cheptais na Kopsiro ambao kwa karatasi walibaki ni wake za watu walio hai. Bila mwili hakuna cheti cha kifo, na bila cheti, hauwezi kubadilisha shamba, hauwezi kuguza pesa yake benki. Sheria inasema ungoje miaka saba ndipo mtu ahesabiwe amekufa, halafu uende kortini ukathibitishe. Nauli ya kortini ni yako.

Jioni hiyo Wekesa alinisindikiza stejini. Nilimweleza yote, kutoka Kiambu mpaka Belfast mpaka Kapkota. Alinyamaza mpaka tukapita posho mill. Nilidhani ataniambia nimemharibia ndoto. Akauliza kitu kingine kabisa.

"Na hao waligeuzwa, waliishia wapi?"

Nikamwambia kuhusu wawili. Seamus Wright na Kevin McKee, vijana wa Belfast, Freds. IRA waliwagundua Oktoba 1972, wakawachukua, wakawapiga risasi na kuwazika kwa siri kwenye kinamasi, County Meath, ng'ambo ya mpaka. Kitson alikuwa ameshaondoka, yuko shule ya jeshi anafundisha. Familia zao zilikaa mtaani miaka 43 zikiitwa familia za wasaliti. Mifupa ilipatikana Juni 2015, na ilipatikana kwa bahati, walikuwa wanachimba wakimtafuta mtu mwingine. Walikuwa pamoja kwa kaburi moja.

"McKee alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Wekesa akapiga jiwe teke likaingia kwa mtaro. Matatu ikaja, kondakta anaita Kitale mia mbili, Kitale mia mbili, nikapanda. Akanigongea dirisha kabla haijaondoka.

"Buda, wakiniingiza jeshini, si nitauliza kwanza?"

"Utauliza nani?"

Hakujibu. Gari likatoka. Nikiwa karibu kufika Kiminini simu ikalia, ujumbe wake: anakimbia kesho saa kumi na moja kama kawaida, na ile vidio ya makomando kumi niiache kwanza, nitengeneze hii.